Monseigneur Amehudhuria Mkutano wa Wazazi

Aibu ya leo hainitoshi peke yangu, acha niwagawie na ninyi. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwangu, vidole bado vina chaki, na simu inakaribia kuzima. Umeme hakuna tena. (Nyaya zinazotoka bwawa la umeme la Koni zinapita juu ya mtaa wetu zikipeleka moto viwandani. Sisi tunazisikia zikivuma tu.) Kwa hiyo nitaandika haraka.

Nawaandikia kwa Kiswahili cha vitabu ili hata ninyi mlioko Kigoma na Mombasa mnielewe. Lakini watu wa kwetu Likasi, huku Kongo, nitawaacha waseme wanavyosema. Sitawasahihisha. Leo mimi si mtu wa kumsahihisha yeyote.

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Bijou wa mtaa wa Panda. Nauza samaki wa barafu sokoni, naimba kwenye kwaya ya parokia, na niko kwenye kamati ya wazazi ya shule ya mtaani kwetu. Kwenye kamati kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, halafu kuna mimi, ambaye kazi yangu ni kusema. (Hakuna aliyenipa hiyo kazi. Niliichukua.)

Na nina dada mkubwa, Véro. Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya. Yaya Véro na mimi tulilelewa katika nyumba moja ya kambi ya wafanyakazi, baba akiwa fundi kiwandani, sisi tukigombania blanketi moja. Tuliingia kwaya siku moja. Mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili. Halafu mtoto wake Rachel akaugua, akaugua vibaya, tukamlilia kabla hajafa. Waliokesha naye na kumwombea mpaka akasimama ni bapostolo, wale wa kanzu nyeupe wanaosali uwanjani bila viatu. Yaya naye akavaa nyeupe. Parokiani hakurudi tena.

Hatukugombana. Afadhali tungegombana, kwa sababu watu waliogombana hupatanishwa. Ni siku zetu tu ambazo hazikutani. Yeye anasali siku ya posho (ndiyo Jumamosi yetu, tangu enzi ambazo kambi iligawiwa chakula siku hiyo), mimi nasali Jumapili. Kwenye harusi haji kwa sababu ya pombe. Kwenye sikukuu zetu haji kwa sababu si zake. Kwenye benchi la kwaya, nafasi ya kuliani kwangu ni yake mpaka leo. Mtu akitaka kukaa hapo naweka mkoba. Nina hamu na dada yangu, jamani, hamu ya kijinga kabisa. Na nyumba zetu zinatenganishwa na barabara mbili za vumbi.

Sasa, shule. Shule yetu ni ya serikali, si ya padri wala ya mchungaji. Hivi karibuni ofisi ya elimu mjini iliwaambia wakuu wa shule kwamba mambo ya alama za dini, vitambaa, rozari, misalaba, kila shule iyamalize yenyewe na wazazi wake. Yaani wametutupia sisi. Directeur wetu, mkuu wa shule, ni mtu mpole anayeogopa kelele, na alipoona jambo hili lina kelele ndani yake, aliamua kwamba wakati tunangoja mkutano, wasichana wanaofunga kitambaa cheupe wabaki nyumbani kwanza.

Rachel ni mmoja wao. Yuko darasa la sita, mwaka wa mtihani wa serikali. Wiki nzima amekaa kizingitini akiangalia wenzake wakipita na madaftari. Yaya hakwenda shuleni kupiga kelele. Alituma neno moja tu, kwamba mtoto hatavua.

Hapa ndipo mtanichukia, lakini acha niseme. Nilifurahi. Nilijipigia hesabu zangu sokoni huku nakata samaki: mkutano ukikataa kitambaa, Yaya atapenda shule ya mtoto kuliko kitambaa. Rachel atavua. Rachel akivua, Yaya naye atalegea. Akilegea, siku moja ya Jumapili nitasikia mtu ananiambia "sogea," nami nitauondoa mkoba. Nilikuwa nimeshamwona amekaa. Kwa hiyo nikamwambia mwenyekiti wa kamati, "Kazi tano minye njo nitasema," yaani Ijumaa msemaji ni mimi. Akakubali upesi. Hakuna aliyetaka kusema.

Leo mchana nikaoga, nikafungua sanduku, nikatoa kitenge cha jubilei.

Mnavijua vitenge vya jubilei. Parokia ilipotimiza miaka yake mingi, tulichapishiwa kitambaa. Mbele Mama Maria kwenye duara la maua, nyuma Monseigneur, askofu wetu, mzima, kofia yake ndefu, miwani, na mkono wa kuume umenyanyuliwa kubariki. Wanakwaya tulifundishwa kukifunga vizuri: Monseigneur akae nyuma, katikati kabisa, bila kukunjika uso, ili wanaofuata kwenye maandamano wamwone. Mimi na Yaya tulikata kwenye gora moja. Tulicheka siku nzima tukipimiana. Ndiyo maana nikakichagua. Nilitaka aniangalie kutoka huko alikokaa, akumbuke. Sikuwaza jambo lingine lolote. Naapa.

Bijou, binti yangu, alinitazama.

"Mama, unavala ile?"

"Juu ya nini? Haiko muzuri?"

"Iko muzuri. Lakini leo haiko siku ya yenga."

"Minye najua siku!"

Siku ya yenga ndiyo Jumapili. Bijou akanyanyua mabega akarudi kwenye simu yake. (Mtoto alijaribu. Mbinguni wamwandikie hilo.)

Nikafika shuleni. Wazazi tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Directeur akasimama na kusema, kama kawaida ya kila mkutano katika nchi hii, "Bon, tuanze na maombi."

Halafu fujo. Aombe nani? Mama mmoja wa kanisa la uamsho alikuwa ameshasimama amefumba macho. Papa Kalonji fundi cherehani akasema hapana, mara iliyopita waliomba wao. Mzee mmoja akataka Baba Yetu kwa sababu kila mtu anaijua. Mwingine akasema si kila mtu. Tumekuja kujadili dini shuleni na tumeshindwa kuvuka mlango wa ajenda. Directeur akajifuta jasho, akaamua kila mtu aombe kimoyomoyo. Tukaomba kimoyomoyo. Yule mama wa uamsho kimoyomoyo chake kilisikika mpaka barabarani.

Nikafumbua macho kabla ya amina, nikageuka. Yaya alikuwa dawati la mwisho, karibu na mlango. Kanzu nyeupe, kitambaa cheupe kichwani, na shuka jeupe mabegani. Amekonda kidogo. Aliniona. Akanisalimu kwa kidevu, kama anavyonisalimu tangu tukiwa watoto, halafu macho yake yakashuka kwenye kitenge changu na yakakaa hapo. Nikajisemea: ameona! Amekumbuka! Moyo wangu ulijaa mpaka nikasahau kukaa, mtu akanivuta blauzi.

Directeur akaeleza jambo. Papa Kalonji akasema yeye hana shida na kitambaa, ila kama kitambaa kinatoka, rozari nayo itoke. Wengine wakaguna. Mama wa uamsho akasema nywele za bandia ndizo zitoke kwanza. Mwishowe Directeur akasema, "Mama Bijou wa kamati."

Nikapita mbele. Jamani, nilisema! Sijawahi kusema vile.

"Bazazi benzangu! Mutoto anakuya ku masomo na nini? Na cahier! Na bic! Na akili! Dini anaiacha ku mulango!" (Cahier ni daftari, bic ni kalamu.)

"Kabisa!" wakajibu.

"Alama ya dini ku kichwa?"

"Hapana!"

"Ku shingo?"

"Hapana!"

"Ku mwili yote, toka juu mpaka chini?"

"Hapanaaa!"

Nilikuwa nimewashika. Nikaona hata Directeur anatikisa kichwa kukubali. Basi shetani wa sifa akaniambia: andika. Nikachukua chaki, nikawageukia mgongo, nikajinyoosha kwa vidole vya miguu mpaka juu kabisa ya ubao, nikaanza kuandika kwa herufi kubwa: HAKUNA ALAMA YA DINI.

Nikasikia mtu anakohoa. Nikaendelea. Mwingine akakohoa. Kufika kwenye ALAMA, dawati moja lilikuwa linatetemeka. Nikadhani wamefurahi. Nikatia nguvu, na mnajua mwanamke wa mwili wangu akiandika kwa nguvu, si mkono peke yake unaoandika. Chaki ikakatika. Ikaanguka. Nikainama kuiokota.

Darasa zima likapasuka.

Kicheko gani kile! Watu walipiga madawati. Mzee wa Baba Yetu alijifanyia ishara ya msalaba, sijui kwa mazoea au kwa hofu. Mama wa uamsho akapaza sauti, "Ameeen!" Na Papa Kalonji, machozi yakimtoka, akasimama na kuuliza kwa adabu yote:

"Mama Bijou, pardon. Na Monseigneur? Eko anabakia ku mulango, ao anaingia?"

Sikuelewa. Nikageuza shingo kujitazama. Sikufika. Nikageuka zaidi, kitenge nacho kikageuka na mimi, nikazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake mbele ya wazazi wa shule nzima. Ndipo nikamwona. Monseigneur. Mzima, amenyooka, hajakunjika uso hata kidogo, kama tulivyofundishwa. Kila nilipoandika herufi alikuwa amewabariki. Nilipoinama aliwainamia.

"Hii haiko ya dini!" nikapiga kelele. "Ni kitenge tu!"

Msiwahi kusema hivyo, wapendwa. Hapo ndipo waliokuwa wamejizuia walipoachia. Na Directeur, yule mpole anayeogopa kelele, akasema taratibu kabisa:

"Mama, na ile ya batoto ni kitambala tu."

Halafu akaongeza, maana mtu mpole akipata ujasiri hajui pa kuukomesha: "Bon. Tufuate sheria ya Mama Bijou. Mama, unatoka inje, ao unavula?"

Nivue! Nikawaza haraka. Nikigeuze ndani nje? Kitenge kizuri huonekana sawa pande zote mbili, na nilikuwa nimelipia kizuri. Nikizungushe? Nikakizungusha kweli, hapo hapo, mbele yao. Monseigneur akaja tumboni, sawa, lakini sasa aliyekwenda nyuma ni Mama Maria. Mama wa Mungu! Watu wakapiga ukelele. Nikamrudisha mbele upesi, Monseigneur akarudi kwenye kiti chake, na mimi nikabaki nimejibana kwenye ubao kwa mgongo, nikifuta maneno yangu mwenyewe kwa makalio. Nilitaka ardhi ifunguke. Hapa Panda si jambo gumu, mashimo ni mengi, lakini lini shimo lilikuja ulipolihitaji?

Na ndipo nikasikia kicheko kingine, kutoka nyuma.

Kinaanzia puani. Halafu kinakwama, halafu kinatoka chote mara moja. Ninakijua kile kicheko. Nilikisikia kitandani tulipokuwa tukikatazwa kucheka baba akilala baada ya zamu. Nilikisikia siku ya kukata kitenge hiki hiki. Yaya alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanaruka, machozi yanamwagika. Sikuwa nimekisikia tangu avae nyeupe. Nawaambia ukweli, pale ubaoni, na aibu yote ile, nilitaka nizunguke tena ili asiache.

Aliacha. Akajifuta macho, akasimama, akapita katikati ya madawati. Akavua lile shuka jeupe mabegani, akanizungushia kiunoni, akalivuta, akafunga fundo ubavuni. Alinifunga hivyo hivyo nilipokuwa mdogo, asubuhi za shule, akinikaripia nisitingishike.

"Simama muzuri," akaninong'oneza. "Unatikisika sana."

Alinuka sabuni ile ile ya mche. Nikamwambia kwa sauti ndogo, watu wote wakitutazama:

"Yaya, minye sikutaka Rachel akose masomo. Nilitaka weye urudie."

"Najua," akasema. "Ile kitenge niliiona toka ulipogeuka."

"Utarudia?"

Akakaza fundo. Alichukua muda mrefu kulikaza kuliko lilivyohitaji.

"Hapana, mudogo wangu. Usiningojee kule." Halafu akasema, "Lakini Rachel asome."

Basi. Nikageuka kwenye ubao nikiwa mweupe kuanzia kiunoni mpaka vifundoni, nikafuta kilichobaki kwa mkono. Nikasema, "Bazazi, minye narudisha maneno yangu. Mutoto akuye na uniforme safi. Ya ku kichwa na ya ku shingo ni ya mama yake na baba yake." Safari hii hakuna aliyenijibu "kabisa". Directeur akaomba mikono. Mikono ikanyanyuka, mingi, bado inatikisika kwa kicheko. Papa Kalonji alinyanyua yote miwili. Kuanzia kazi moja, ndiyo Jumatatu, wasichana wote wanarudi darasani. Shule yetu imeamua, na sababu, mkiuliza, ni makalio yangu.

Tulitoka pamoja, Yaya na mimi. Aliuliza kama Bijou bado anakohoa asubuhi, nikasema amepona. Niliuliza kama paa lake bado linavuja, akasema linavuja. Kwenye njia panda akanishika kiwiko, akakata kwenda kwake, nami nikabaki nimesimama nikimwangalia mpaka nyeupe yake ikapotea nyuma ya ukuta wa kiwanda.

Na nani akapita wakati huo huo? Mama Thérèse, rais wa kwaya, na kapu lake la mboga. Akaniangalia kuanzia juu. Akafika kiunoni. Akasimama.

"Mama Bijou. Weye pia?"

"Mais non, Mama Thérèse! Chini iko Monseigneur!"

Na nikainua shuka kumwonyesha, katikati ya barabara. (Ndiyo. Nilifanya hivyo. Kuna kijana wa pikipiki alipiga honi.) Nilipofika nyumbani, kwaya nzima ilikuwa na habari, na ujumbe wa sauti wa kwanza ulikuwa unaniuliza kama Jumapili nitakuja na viatu au bila viatu.

Jioni hii, jua halijazama, Rachel amekuja mbio, amevaa kitambaa chake, anacheka mwenyewe. Amesema atarudi shule. Amesema mama yake anaomba shuka lake, kesho ni siku ya posho na analihitaji kwa sala. Nimemwambia nimelifua na bado halijakauka.

Sijalifua. Liko hapa mapajani. Nimelikunja, nimelikunjua, nimelikunja tena. Nimemwambia Rachel, "Rudia useme mama yako akuye kulitwaa yeye mwenyewe." Mtoto akaniangalia kama anayeelewa, akaondoka mbio vile vile.

Kwa hiyo chekeni, haki yenu, lakini chekeni polepole. Naomba nisikie kama kuna mtu anapiga hodi.